Ugonjwa Usio na Homa

Nilipoingia chuo cha ualimu kule Bukoba nilikuwa msichana mwenye afya. Naanza na hilo kwa sababu waliokuja kuniona baadaye walipenda kumuuliza mama yangu kama nilizaliwa dhaifu. Sikuzaliwa dhaifu. Nyumbani kwetu Muleba nilibeba mtungi wa maji kutoka bondeni bila kupumzika njiani, nilikula nikashiba, na nilicheka kwa sauti ambayo baba yangu, mzee wa kanisa, aliiona haimfai binti wa Kilutheri. Jina langu ni Kokugonza. Naandika haya kwa ajili ya vijana walioko vyuoni na wazazi wao, maana nilipougua mimi sikumwona mtu hata mmoja aliyewahi kusema mbele za watu kwamba ugonjwa kama huo umempitia.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Msichana aliyemaliza darasa la nane alikuwa haonekani kila mahali, na aliyechaguliwa kwenda kusomea ualimu alikuwa mali ya kijiji kizima. Watu wa ukoo mmoja wa jirani walikuwa wamekwisha kuleta rubisi nyumbani, wakiniomba niwe mke wa kijana wao. Baba aliwarudisha na pombe yao. Ndugu zake walimwambia amechezea bahati, na kwamba msichana akisoma sana hukauka. Yeye aliwajibu kwamba atakayekauka ni wa kwake. Jumapili kabla sijaondoka nilisimamishwa mbele ya madhabahu, kanisa zima likaniombea. Nakumbuka nilivyofurahi. Nakumbuka pia kwamba sikumwambia mtu yeyote kuwa ninaogopa, kwa kuwa kila mtu alikuwa anatabasamu.

Tulipanda lori la mfanyabiashara wa Kihindi, mimi na baba, tukapita Kemondo ziwa likiwa upande wa kulia, tukateremka kidogo Kanazi kumsalimu shangazi yangu aliyeolewa pale, kisha tukaingia Bukoba. Chuo kilikuwa juu ya kilima nje ya mji. Baba alinikabidhi kwa Matroni, mama mmoja Mhaya mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo, akanipa mkono kama wanaume wanavyopeana, akashuka kilima bila kugeuka nyuma.

Kitanda cha jirani yangu bwenini kilikuwa cha Eunike, msichana kutoka Biharamulo. Wengi wetu tulikuwa Wahaya, na kengele ya masomo ikilia kwa mara ya mwisho tulikuwa tunarudi kwenye Kihaya chetu kama ng'ombe wanaorudi zizini. Eunike hakukijua. Alikuwa anakaa kitandani akisikiliza watu wakicheka asijue wanachekea nini. Kwa hiyo mimi nilizungumza naye Kiswahili, kile cha darasani, na tukazoeana hivyo. Alikuwa mwembamba, mwenye akili kunizidi, na alikuwa na tabia ya kukunja shuka lake vizuri mno, kona kwa kona, hata asubuhi ambazo hapakuwa na ukaguzi.

Wiki za mwanzo wote tulilia. Wasichana walilia chooni, walilia wakichota maji, mmoja alilia akiwa anaimba kwaya. Matroni alisema ni hamu ya nyumbani tu na kwamba kila mwaka huwa hivyo. Alisema kweli. Baada ya muda wenzangu walinyamaza mmoja mmoja, wakaanza kupendana na kugombana kama watu walioko kwao. Mimi pia niliacha kulia. Lakini sikuacha kwa sababu nimezoea. Niliacha kwa sababu kilichokuwa kinalia ndani yangu kilinyamaza, na vitu vingine vyote vikanyamaza pamoja nacho.

Hilo lilitokea masika yalipoanza. Mvua ya Bukoba mnaijua. Inanyesha kana kwamba imelipwa. Asubuhi moja niliamka kabla ya ndege, nikawa nimelala macho yamefunguka, na nikaona kwamba kuinua mguu wangu kuutoa kitandani ni kazi isiyowezekana. Mguu haukuwa na maumivu. Sikuwa na homa. Nilikuwa nautazama tu. Eunike aliponishika bega ndipo niliinuka, na tangu siku ile kuamka kukawa hivyo. Ndizi zikawa kama udongo mdomoni. Maharage nilikuwa natafuna mpaka taya zinachoka na bado hayamezeki. Mtu akinisemesha, maneno yake yalikuwa yananifikia baadaye kidogo, na mimi nikitaka kujibu ilibidi niyatafute ya kwangu mbali.

Nilifanya siri kwa muda, mpaka siku ya mazoezi ya kufundisha. Tulikuwa tunapelekwa kwenye shule ya msingi iliyo chini ya kilima, kila mmoja anafundisha somo moja wenzake wakimtazama. Nilikuwa nimeandaa somo la hesabu. Nilisimama mbele ya wale watoto, chaki mkononi, wakaniamkia, na mimi sikuitikia. Nilikuwa nayajua yote niliyopaswa kusema. Yalikuwa pale, lakini sikuona sababu ya kuyasema, wala ya kuandika, wala ya kushusha mkono ulioshika chaki. Watoto waliningoja kwa adabu. Mmoja mbele akaanza kucheka, mwenzake akamfinya. Mwishowe mwalimu wetu alikuja akaitoa chaki mkononi mwangu polepole, kama unavyomwondolea mtoto kisu, akaniambia nikakae.

Tangu hapo nikawa mgonjwa rasmi. Matroni alianza na chumvi ya haluli, akisema tumbo likisafika mwili utachangamka. Nilihara mpaka nikashindwa kusimama. Zikafuata dawa za malaria, chungu, masikio yakavuma kama nyuki, lakini asubuhi zikabaki zilezile. Nilikonda. Gauni alilonishonea mama nikawa nalikunja kiunoni na kulifunga kwa pini. Nywele zilitoka nikichana, na nilianza kuzificha chini ya godoro kwa kuogopa wenzangu wataona. Halafu siku zangu zikakoma.

Matroni aliligundua hilo kabla sijalitilia maanani. Alikuwa anatazama kamba ya nguo kule nyuma, ambako kila msichana alianika vitambaa vyake, na vyangu havikuonekana. Msichana asiyekula, anayetapika haluli, anayelala darasani, ambaye siku zake zimekoma. Mnajua walichofikiri. Bibi Mkuu, Mzungu aliyekuwa anaongoza chuo, aliniita ofisini, akaniuliza kwa upole kama kuna kijana. Nilisema hakuna. Aliniambia kwamba ukweli utaonekana hospitali, na kwamba amekwisha kutuma mtu amwite baba yangu.

Katika ugonjwa wangu wote, benchi la hospitali siku ile ndilo ninalolikumbuka vizuri kuliko kitu kingine. Lilikuwa benchi refu kwenye baraza, na watu wamekaa wamebanana: wanawake wenye watoto wa surua, mvuvi aliyefungwa kidole kwa kitambaa kilichokuwa cheusi kwa damu, bibi mmoja aliyekuwa anakohoa na kuomba radhi kila akikohoa. Matroni alikaa mwisho wa benchi akiwa ametugeuzia mgongo ili tuweze kuzungumza. Baba alikuwa amevaa koti la kanisani. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri na miguu yake ina tope mpaka kwenye magoti. Akasema kwa Kihaya, bila kunitazama:

"Kokugonza, mimi ni baba yako. Kama kuna mtu, mtaje sasa, kabla hawajatuita ndani."

"Hakuna mtu, Tata."

"Basi una nini?"

"Sijui."

Hakuuliza tena. Nilitamani kuwa na mtu wa kumtaja. Nasema kweli mbele ya Mungu. Mimba watu wanaijua, ina mwanzo, ina mwisho, ina mtu wa kulaumiwa. Nilitamani nimpe baba kitu ambacho angeweza kukikasirikia.

Niliitwa, nikapimwa na daktari Mzungu na muuguzi mmoja Mganda. Sitaeleza. Nilikuwa sijawahi kuvuliwa nguo na mtu tangu utoto. Muuguzi alishika mkono wangu muda wote na akanifunika kwa shuka kabla daktari hajamaliza kunawa, na kwa hilo nimemshukuru maisha yangu yote. Alitoka yeye kwenda barazani kumwambia baba kwamba binti yake hana mimba na hajawahi kulala na mwanamume. Aliyasema kwa sauti ya kusikika. Nadhani alifanya makusudi, ili benchi zima lisikie na Matroni asikie.

Nilipotoka baba alinisogezea nafasi. Alitia mkono mfukoni, akatoa kifurushi cha jani la mgomba, akakifungua. Ndani mlikuwa na kahawa za kutafuna, zile anazopewa mgeni anapofika nyumbani. Alinimiminia kiganjani. Alikuwa hajawahi kunipa kahawa kwa mkono wake, maana kwake nilikuwa mtoto. Nilizitafuna ingawa sikuzisikia ladha. Hakuwahi kulizungumzia jambo lile tena mpaka alipokufa.

Daktari alisema hakuona ugonjwa. Damu ilikuwa pungufu kidogo, akaagiza sindano, mara moja kwa wiki, mpaka nipate nguvu. Chuo kikaona nisikae bwenini. Baba akanipeleka Kanazi kwa shangazi.

Shangazi alinipokea vizuri. Mumewe alivumilia. Kila siku ya sindano tuliondoka mapema, tukipata lori tunapanda, tukikosa tunatembea mpaka tulipate, na mchana kutwa tulikuwa kwenye lile benchi. Nilijifunza mengi pale. Nilijifunza kwamba mgonjwa mwenye kidonda hupewa nafasi, na mgonjwa asiye na alama huulizwa anamsindikiza nani. Wanawake walinipa watoto wao niwashikie walipokwenda kutafuta maji, na nilikuwa nawapakata. Mtoto mgonjwa ana joto kali kifuani, na saa nyingine joto lile lilikuwa ndilo kitu pekee ninachokisikia kwa siku nzima. Shangazi alikuwa akirudi anamwambia mumewe kwamba leo nimechangamka kidogo. Sikuwa nimechangamka. Nilimsikia mumewe akimjibu kwamba sindano nyingi namna ile zingemwamsha hata maiti, na kwamba huenda mtoto amechoka tu na masomo na hataki kusema.

Siku moja, mvua zikiwa zinakaribia kwisha, nilimkuta Eunike kwenye benchi. Matroni alikuwa amemleta akaenda sokoni. Nilifurahi, yaani nilijua kwamba hapa ndipo mtu anafurahi. Nilimuuliza ana nini. Alikuwa anakunja ncha ya kanga yake, anaikunjua, anaikunja.

"Kama wewe," akasema.

"Kama mimi vipi?"

"Nikiamka natamani isingekuwa asubuhi. Ilianza kabla ya yako. Nilikuwa nakuinua wewe ili na mimi niinuke."

Nilimtazama kama ninamwona kwa mara ya kwanza. Miezi yote ile vitanda vyetu vilikuwa bega kwa bega na kila mmoja alidhani yuko peke yake duniani. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Alisema kwamba ugonjwa wangu ulipojulikana aliona nilivyotendwa. Alisema pia kwamba mimi nina shangazi Kanazi na baba anayeweza kufika kwa siku moja, ila yeye kwao ni mbali, na waliuza ng'ombe ili yeye aje. Tukakaa tumeegemeana mabega mpaka alipoitwa. Yeye naye aliambiwa hana ugonjwa. Ndiyo mara ya mwisho nilimwona.

Kiangazi kilipoingia sindano zilikwisha na sikuwa nimepona, basi baba akaja akanirudisha Muleba. Ilikuwa majira ya kuchuma kahawa. Uwanja mzima ulikuwa umetandikwa mikeka ya kahawa inayokauka, na mimi nilipitishwa katikati yake nikiwa nimeshikwa mkono kama kipofu. Mama alinitazama mara moja, akageuka akaingia jikoni. Nilisikia sufuria ikianguka.

Ugonjwa huu haumpati mtu mmoja. Unaingia nyumba nzima kama moshi. Mama aliamini nimerogwa na watu wa yule kijana aliyerudishwa na pombe. Baba, mzee wa kanisa, alimkataza kumtaja mganga nyumbani kwake. Siku baba alipokwenda kwenye mkutano wa dayosisi mama alimleta mganga kupitia nyuma, kwenye migomba ya kibanja chetu. Nilichanjwa kifuani na mabegani, nikapakwa dawa nyeusi, nikafukizwa mpaka macho yakavimba. Niliwaacha wafanye. Ningewaacha wanizike. Baba aliporudi aliona chale, akamuuliza mama, na mama hakukana. Baba hakupiga kelele. Aliacha tu kula chakula alichopika mama. Kwa majira yote ya kahawa alikuwa anakula kwa mdogo wake, anarudi kulala, wanapita mlango mmoja kama wageni. Mimi nilikuwa nimelala chumba cha kati nikiyasikia yote, nikijua kwamba mimi ndiye chanzo, na kwamba kama nisingekuwepo nyumba ingepona. Fikira hiyo ilikuja, ikaketi. Nilitamani nisiwepo. Sikuwa na hasira wala uchungu. Ilikuwa kama mtu aliyechoka anavyotamani kulala.

Sikumwambia mtu, lakini mama alijua. Sijui alijuaje. Alihamisha mkeka wake akautandika mbele ya mlango wangu. Mchana akienda shambani alikuwa ananiamsha, ananivalisha, ananiketisha chini ya migomba mahali anaponiona, anaendelea kulima. Hakunihubiria. Wanawake wa kanisa walikuja kunihubiria; waliniombea kwa machozi, na mmoja aliniambia kwamba huzuni ni dhambi ya kukosa shukrani kwa Mungu. Jirani mwingine alisema ni uvivu wa shule. Ndugu wa baba walikaa nje wakisema kwamba walionya tangu mwanzo. Mama aliwapa wote kahawa, akaniosha nilipokuwa siogi, akanikata nywele zilizobaki kwa wembe ili zisiendelee kunitia woga zikidondoka. Alipomaliza alinipapasa kichwa kile chenye upara akasema nimefanana na nilipozaliwa.

Zilikuja mvua za vuli, zikaja na senene, panzi wetu wa kuliwa. Mhaya anayesoma haya anajua asubuhi ile inavyokuwa. Kijiji kizima kinatoka na vikapu, watoto wanakimbia kwenye majani yenye umande wakipiga kelele, na msichana anawakusanyia kaka zake. Nilizisikia kelele zile kupitia ukutani. Mama alinikaangia wengi, akaniletea sahani, akakaa anitazame nikila. Nilikula. Sikusikia kitu, wala chumvi. Nilimwambia ni watamu, na mama akaitikia kwa kichwa kwa namna iliyonionyesha kwamba hajadanganyika.

Mwaka mpya chuo kiliniruhusu kurudi mwaka wa kwanza upya. Nilikuwa nimenenepa kidogo na nywele zilikuwa zimeota, na kwa hiyo kila mtu alisema nimepona. Baba aliniuliza kama naweza. Nilisema naweza, kwa sababu niliona anavyotaka niseme hivyo.

Matroni alinipokea mlangoni mwa bweni. Kitanda cha Eunike kilikuwa na sanduku la msichana mwingine. Nikauliza. Matroni aliketi kwenye kitanda changu, kikalia, akanieleza kwa ile sauti yake ndogo kwamba Eunike alirudishwa kwao muda mfupi baada ya mimi kuondoka, akiwa haongei. Kabla ya mwaka kwisha mwinjilisti wa huko alileta habari kwamba amefariki. Nilimuuliza amekufa na nini. Matroni alitazama mikono yake. Alisema mwinjilisti hakutaka kusema, na akaniomba nisiulizeulize bwenini kwa sababu wasichana wapya wangeogopa.

Nilikaa chuoni mpaka mvua za masika zilipoanza. Nilijitahidi. Asubuhi moja niliamka macho yakiwa wazi kabla ya ndege, mguu ukiwa pale, na hapakuwa na mkono wa kunishika bega. Nilijua. Safari hii sikungoja nisimamishwe mbele ya watoto. Nilikwenda kwa Matroni mwenyewe nikamwambia amwite baba yangu, hali ile imerudi. Alinipikia uji.

Baba alikuja. Tulirudi na lori la samaki kutoka Kemondo, tumekaa juu ya magunia, na mvua ikatunyeshea njia nzima. Tulipofika kwetu watu walikuwa wamekusanyika kwa mdogo wake baba kwenye pombe ya kuanua matanga ya mzee mmoja wa ukoo, ndugu wote wapo, na ilibidi tupite pale. Mkubwa wao alimuuliza baba, kwa sauti, kama masomo yamekwisha mapema. Wengine wakacheka. Baba alisimama. Alinishika mkono, akaushika mbele yao.

"Mtoto wangu ni mgonjwa," akasema. "Nimekwenda kumchukua."

Hakuna aliyecheka tena. Ndiyo mara ya kwanza mtu aliuita ugonjwa. Daktari hakuuita hivyo, wala kanisa, wala mimi mwenyewe. Jioni ile alikula nyumbani. Aliketi jikoni kwa mama, mahali ambapo mwanamume wa rika lake hakai, na wakala kutoka chungu kimoja.

Ningependa kuwaambia kwamba hapo nilipona. Sikupona. Nilikaa chumba cha kati masika ile yote na kiangazi kilichofuata, na mengine niliyoyaeleza yalijirudia, isipokuwa mganga. Katika kiangazi hicho, cha pili tangu niugue, mama alinikalisha kwenye mkeka wa kahawa nimsaidie kutoa mbovu. Nilikuwa nachagua bila kuangalia, nikafikicha kahawa moja mbivu, nikaitia mdomoni kama watoto wanavyofanya, nikasikia utamu. Kidogo sana, kama kitu kinachosikika kutoka ng'ambo. Nikalia. Nililia mpaka nikaanguka kwenye mkeka, kamasi na kahawa vikanigandia usoni. Mama aliacha ungo akaja mbio akidhani nimezidiwa. Alinipakata palepale uwanjani, mtu mzima mimi, akawa ananiuliza wapi panauma. Sikuwa na pumzi ya kumweleza kwamba ni tangu masika ile ya kwanza nilikuwa sijaweza kulia.

Sikuwa mwalimu. Wenzangu wa bweni walifundisha wilaya nzima, na kwa miaka mingi nikikutana nao sokoni nilikuwa nabadilisha njia. Niliolewa kwa kuchelewa, nikazaa. Ugonjwa ulinirudia nilipojifungua mtoto wa pili, ukanirudia mama alipokufa, na safari hiyo hapakuwa na mtu wa kulala mlangoni ila mume wangu, ambaye nilikuwa nimemweleza mapema afanye hivyo. Ukija tena sitashangaa. Siku hizi nasikia una jina, na una dawa. Nafurahi. Mwenye kuzipata azitafute, asione aibu, na asikubali kuambiwa hana kitu.

Wewe uliyelala bwenini unasoma haya, labda hayakufikii. Nami nisingeyasikia. Sina neno la kukuinua, na siamini wanaosema wanalo. Nakuomba jambo moja: mwambie aliye kitanda cha jirani, hata kama unadhani yeye ni mzima. Nimefikiri sana juu ya Eunike. Alikuwa na akili kunizidi, na nadhani alikuwa na moyo kunizidi, maana aliniinua mimi akiwa mwenyewe hawezi. Siijui dhambi aliyoitenda ambayo mimi sikuitenda. Mimi nilipewa kiangazi cha pili. Yeye hakupewa.